Mashirika Matatu Kwenye Arobaini Yako

Kasiani, mtani wangu,

Shikamoo sikupi. Nilikuzidi miezi miwili, na kufa hakumwongezei mtu umri.

Wiki ya pili baada ya kukuzika, mto ulifurika hapa Mpitimbi ukafagia mashamba yote ya bondeni, mahindi ndiyo kwanza yanachungulia. La mkeo nalo likaenda. Hakufa mtu, ila mbegu tuliyokuwa nayo ndiyo hiyo, na mvua ya kupandia haimngoji mtu. Mkeo akaanza kufunga mizigo arudi kwa kaka zake Tunduru.

Zamani ushirika ungeleta mbegu. Siku hizi ushirika umefunga mlango, yamekuja mashirika. Yalikuja matatu, kila moja na gari lake na daftari lake. La kwanza lilikuja mablanketi yakionekana juu ya gari. Wakauliza, "Mnahitaji nini?" Tukajibu, "Mablanketi." Si unatujua. Wewe mwenyewe ulikuwa ukisema mgeni haombwi asichokuja nacho, utamwaibisha. La pili likaja na mablanketi, tukajibu vilevile. La tatu pia. Mgane mimi nina mablanketi sita, nalala kama robota la mitumba.

Nikaenda Songea mjini ofisini kwao kuulizia mbegu. Kila ofisi wakaniambia wakubwa wako kwenye kikao cha ushirikiano. Kila shirika na kikao chake, peke yake.

Basi nikakutumia wewe. Nisamehe, na usiponisamehe utanifanya nini. Niliwaalika wote kwenye arobaini yako, kila mmoja nikimwambia yeye ndiye mgeni wa heshima. Walipokutana mlangoni kwako walitazamana kama wake wenza. Nikawakalisha mkeka mmoja, ugali mmoja, bakuli moja la maharage. Wakiwa bado wanatafuna nikasimama nikasema, "Marehemu alituachia adabu moja mbaya, leo naivunja. Blanketi hatutaki. Tunataka mbegu."

Mkeo akainamisha uso, nikajua nimemwaibisha. Kumbe anacheka.

Dada wa shirika la pili akasema, "Mzee, mbegu tunazo, ziko ghalani Namtumbo. Gari letu ndilo bovu." Wa kwanza akasema gari wanalo, dizeli ndiyo imewaishia. Yule mnene wa shirika la tatu akalamba vidole taratibu, akasema, "Dizeli ipo kwetu. Hamkuuliza."

Siku ya nne mbegu zikafika. Nilihakikisha mkeo anapewa mwanzo, na jembe nimeshika mimi mwenyewe, mgongo huu huu uliokuwa ukiucheka. Mahindi yake sasa yako kiunoni.

Ila kijiji kimepoa, Kasiani. Tangu uende sina wa kumtukana bila kugombana naye. Nikipata neno zuri la kukuchoma, nageuka, naona kigoda chako tu.

Haya, lala. Palizi ya pili nitaifanya mimi, na nyani nitawafukuza mpaka mkeo avune. Mizigo ameshaifungua. Jana alikuwa anatafuta mahali pa kujenga kihenge cha mahindi, akaniita nishike kamba ya kupimia.

Mtani wako,
Yusufu