Klachi Uliyoilainisha Bila Kuniambia

Binti yangu fundi,

Maziwa yako kwenye sufuria, yachemshe kabla hujanywa. Chungu cha maua kilichopasuka uani nimekigonga mimi, mama yako asimsingizie paka.

Asubuhi nilipanda lile gari letu kuukuu la porini, nikakanyaga klachi kwa nguvu zote kama nilivyozoea. Kumbe jana uliilainisha. Mguu ukazama mpaka chini, nikashtuka nikaiachia, gari likaruka kama mbuzi. Nani alikutuma? ~~Jioni uirudishe ilivyokuwa.~~

Mimi nilidhani hakuna anayeniona nikishuka garini nimeshika goti.

Nimeshalizungusha gari mtaa mzima, na goti halikusema neno. Sasa naenda nalo kazini. Klachi usiiguse tena.

Baba yako mkaidi