Blenda Chini ya Leso

Jumapili, Kawangware

Bado nacheka peke yangu. Sijui kama Mungu naye anacheka.

Leo nimejaribu ile blenda kuukuu niliyopewa na mzungu ninayemfulia. Shida ni Mama Wanjiru, mwenye ploti tunamopanga. Stima yake ni ya taa tu. Akishuku mtu amewasha pasi au koili ya kupikia, anakatia ploti nzima.

Kwa hivyo nikamwita jirani yangu Akinyi. Tukatia maembe, ndizi na maziwa lala, nikawasha, na tukaimba wimbo wa kanisa kwa nguvu ili ile ngurumo isisikike. Akinyi hata akapiga makofi.

Taa ikafifia. Mlango ukagongwa.

Nikazima haraka, nikaifunika blenda kwa leso pale mezani. Mama Wanjiru akaingia. "Nani amewasha kitu?"

"Tunaomba, mama," Akinyi akasema, bila hata kupepesa macho.

Basi naye akapiga magoti, viwiko juu ya meza. Akawaombea wapangaji wote, na wale waongo akawaombea mara mbili. Mimi nilikuwa nimefumbua jicho moja. Kifuniko sikuwa nimekikaza, haki, na maji ya embe yaliyofurika yalikuwa yanatoka chini ya leso, polepole, yakielekea mkono wake.

"Amina." Akatazama kidole chake. Akakilamba.

Nikajua leo nalala nje.

"Jumapili ijayo mkiomba," akasema akifungua mlango, "mniite. Nitakuja na papai."