Ukurasa wa Kanisa Letu

Baba,

Madaftari yako hayajachomwa. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeuliza kwanza.

Wiki mbili baada ya kukuzika, Baba mdogo Okoth alikuja hapa Karungu na mchungaji wetu. Moto walishauwasha nyuma ya jiko. Walisema mwalimu wa dini hawezi kuacha nyumbani maandishi ya kafara za kisiwa cha Mfangano na dua za Waislamu, ati yanaita mashetani. Nikakalia sanduku la madaftari. “Una kichwa ngumu kama baba yako,” Baba mdogo akasema. Nikamwambia ahsante.

Wangejuaje ulivyofanya kazi ile ya kuandika jinsi watu wa ziwani wanavyoomba? Mimi ndiye niliyekubebea kalamu tangu nikiwa shule ya msingi. Ulivua viatu kwa kila mtu, ukakaa ulipoonyeshwa, na hukuanza kwa kuuliza Mungu wao ni nani. Uliuliza wananawa na nini kabla ya kuomba. Mwenye duka Mwislamu akakuonyesha birika, mzee wa Mfangano akakuonyesha ziwa, ukaandika yote kwa mwandiko uleule wa ubaoni. “Nyathina,” mwanangu, ulikuwa ukiniambia, “elewa kwanza, kubishana kutakungoja.” Kule Kisegi waumini wa dhehebu la kanzu nyeupe walikuvisha kanzu, ukaivaa kwa heshima tu, na Jumapili iliyofuata wakatuma watu kuuliza muumini wao mpya yuko wapi. Mama alicheka mpaka akakaa chini.

Mchungaji alinipa siku tatu nichague: madaftari au darasa la watoto ninalofundisha Jumapili. Nikamrudishia ngoma na Biblia za watoto. Nililia njia nzima, Baba, sikufichi. Wale watoto nawapenda sana.

Halafu nikafungua daftari la mwisho, nikakukasirikia wewe pia. Umeandika juu “Kanisa letu”, chini yake swali moja, “Nani haruhusiwi kuingia?”, basi. Ukurasa wote mtupu. Ulizunguka ziwa ukiuliza watu, sisi ukatuogopa? Au ulidhani sisi hatuna la kuulizwa? Hilo ni kosa lako, na nimekataa kulirithi.

Kwa hiyo Jumapili iliyopita nilikaa benchi la nyuma kama mgeni, nikaandika tunavyosimama, tunavyofumba macho, na wafu tunaowataja kwa sauti ya chini. Watu wakaanza kugeuka. Mzee wa kanisa akanigusa bega, akaniomba nitoke, kwa upole kabisa. Nikatoka. Pale mlangoni nikalijibu swali lako kwa neno moja: Mimi.

Pumzika, Baba. Nakuahidi ukurasa huu utajaa. Jumapili nitaingia tena, na wakinitoa nitaandika nikiwa nje.

Binti yako,
Akinyi