Riziki, Upepo Umegeuka Uwanjani Kwako

Riziki, rafiki yangu,

Sogea unisikilize, maana nimekuja mbio na pumzi bado haijanirudia. Nina habari ya uwanja wako, na nikikaa nayo mpaka kesho nitapasuka.

Kwanza nikupashe ya nyumbani tangu ile homa ikuchukue. Ndagala, dagaa wa ziwa letu, ni wengi msimu huu, nimeanika mpaka mgongo umekataa. Shuleni wameleta mwalimu mwingine wa michezo badala yako, kijana mzuri, anapuliza filimbi kupita kiasi. Na mimi nimekulilia. Nimelia kanisani, nimelia sokoni, nimelia mbele ya mteja aliyetaka ndagala zake tu aende. Ninakukosa, Riziki, ninakukosa vibaya sana. Basi, hilo nimelisema, lisije likaniharibia habari.

Ni hivi. Tulipotoka kukuzika, baba yako alichukua zile sahani zako tatu za plastiki za kutupa, zile ulizorudi nazo kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania, akazifunga ndani ya kikwembe chako na kuzisukuma chini ya kitanda. Unajua desturi yetu watu wa ziwa: chombo cha marehemu hakiguswi mpaka matanga yaondolewe, hata wavu unaning'inia tu ukingoja wazee. Hakuna aliyebisha. Uwanjani nyasi zikapanda mpaka zikafika kwenye vikapu vyetu vya kulengea sahani.

Halafu kaka yako Sango akashuka kutoka Lulimba. Amechoka kuchimba dhahabu, amekuja na mke na watoto, na pikipiki iliyombeba ilijaa mashina ya muhogo ya kupanda. Aliangalia uwanja wako akaona shamba. Nilimfuata nikamwambia pale watu wanacheza. Akanijibu, "Batoto yangu banakula muhogo, habakule sahani." Mimi, Mama Asende, ambaye hukosi kunisikia nikijibu, nikarudi kugeuza ndagala zangu.

Kesi ikapelekwa kwa mzee, baba yenu. Akasema siku ya kuondoa matanga tucheze mbele yake, vikapu vyote sita. "Kama ule muchezo ulikuwa wa Riziki peke yake, wende naye. Kama iko wenu, mi nitaona."

Sasa nicheke kidogo. Mimi mjanja niliomba tucheze asubuhi mapema, maji yakiwa bado yamelala. Ningekusikia ukinizomea! Wewe uliyekuwa unakaa kwenye nyasi unatafuna karanga, ukingoja upepo uamke ndipo usimame. "Bila upepo iyo si muchezo, iyo ni kutupa takataka." Na kweli uwanja wetu una nini kingine? Ni mdogo, unauvuka kabla wimbo haujaisha. Hauna mti, hauna kichuguu. Ni nguzo, rimu ya baiskeli juu yake, cheni zinazoning'inia na kikapu cha matete chini, basi. Kukiwa shwari, mtu yeyote anafika kikapuni kwa mitupo michache na kujiita bingwa. Upepo ukija, hata wewe ulitokwa jasho.

Lakini nani amewahi kuona matanga yakiondolewa kwa saa iliyopangwa? Mchungaji aliomba. Kwaya iliimba. Kwaya ya pili, iliyochukizwa na ya kwanza, ikaimba zaidi. Kisha chakula: bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo, na samaki wa mikeke. Mzee alipokuja kufungua fundo la kikwembe chako, upepo ulikuwa umeshageuka, unakuja moja kwa moja kutoka upande wa rasi ya Ubwari, na vilemba vya bamama vinashikwa kwa mikono miwili.

Akanipa ile sahani nyeupe. Riziki, niliishika na mkono ukaijua.

Tulianza vizuri ajabu! Kikapu cha kwanza upepo ulikuwa wa ubavuni, nikaitupa sahani mbali upande wa ziwa, watu wakaguna, kumbe upepo ukairudisha taratibu mpaka karibu na nguzo kama mbuzi anayejua kwao. Kikapu cha tatu upepo ulikuwa mgongoni, ule unaoshusha sahani kabla ya wakati, nikakumbuka kuitupa juu zaidi. Cheni zikalia. Bamama waliokuwa wakitucheka zamani walipiga vigelegele, na mmoja akaniuliza kama anaweza kujaribu akimaliza kula.

Wenzetu wavuvi tuliocheza nao walikuwa na ugonjwa wao uleule. Mtu aliyekulia ndani ya mtumbwi, akiona upepo mbele yake, anainua pua ya mtumbwi ili wimbi lisiingie. Akishika sahani anafanya hivyo hivyo kwa ukingo wake wa mbele. Sahani ikiinuliwa pua kwenye upepo inapanda, inasimama, inarudi kumtafuta mwenyewe. Moja iliangukia ndani ya sufuria ya sombe. Nikapaza sauti, "Pua chini, bapapa! Pua chini!" na sauti ikatoka kama yako, kabisa kama yako. Baba yako akageuka kuniangalia. Nikajifanya nakaza kikwembe changu, maana machozi yalikuwa yamefika.

Kikapu cha sita unakijua. Kinatazama ziwa, upepo unakupiga usoni. Mtupo wangu wa kwanza ulikwenda chini chini, kimo cha goti, umenyooka, ukalala karibu na nguzo. Ungepiga kelele mpaka Fizi wakusikie! Ulibaki mtupo mfupi tu, ule ambao wewe ulikuwa unautupa huku unazungumza. Nikatazama mashina ya Sango yaliyolazwa pembeni. Nikawaza: nikikosa, mzee atasema mchezo ulikwenda nawe, uwanja umekwisha. Hofu ikanishika kiwiko, na mimi, mimi niliyekuwa nikiwafokea wengine, nikainua pua.

Sahani iligusa rimu, ikapaa, ikaanguka kwa ukingo na kuviringika nyasini mpaka miguuni kwa Sango. Aliiokota, akaipangusa kwa shati lake. Hakunicheka. Angenicheka ningepata nguvu ya kukasirika. Nilikaa chini palepale, nikajua nimekupoteza mara ya pili.

Ndipo baba yako akasimama na koti lake la matanga. "Leta iyo sahani." Akaichukua mkononi mwa Sango, akaenda kusimama nilipokuwa nimesimama, akaangalia kikapu kama anayeangalia mtu aliyemtukana. Akatupa.

Pua juu! Mvuvi wa maisha yote, ungetegemea nini? Sahani ilipanda, ikasimama, ikarudi juu ya kichwa chake, akainama, kofia ikaruka. Halafu akacheka, Riziki. Baba yako alicheka mpaka akashika magoti, na tangu tukuzike hatukuwa tumeliona hata jino lake. "Kumbe ni ii ndio ilikuwa inamukamata mutoto wangu?" Akajifuta macho. "Leta tena."

Akatupa tena. Na tena. Aliutukana upepo kwa Kibembe, na mchungaji akajifanya anatafuta miwani. Kwaya zote mbili zilirudi kwao. Sango ndiye aliyebaki akikimbia nyasini na viatu vyake vizuri, kumletea babake sahani, na nakuambia ukweli, mwishoni alikuwa anakimbia kabla hajatumwa.

Jua lilipoanza kushuka, akauliza kwa upole: papa, shamba je? Mzee hakugeuka hata shingo. "Muhogo wende ukapande kule juu, ku mulima. Hapa nitatoka namna gani? Mi siyaingiza ata moja mu kikapu!"

Nilipiga kelele, nikamkumbatia kila aliyekuwa karibu, na Sango pia.

Muhogo umeshapandwa mlimani. Nilikwenda na jembe langu kumsaidia, haki ni haki, watoto wake nao wapate kula. Nyasi za uwanja tumezikata. Baba yako anakuja kila alasiri na bado anainua pua. Nikimwambia, ananijibu kwamba alikuwa juu ya maji kabla mama yangu hajaolewa.

Nakuahidi, rafiki yangu, sitamwonea huruma. Sitamsogezea kikapu, sitamwachia ashinde. Nitamfundisha ulivyonifundisha mimi, kwa kelele na matusi madogo, mpaka cheni zilie kwa mkono wake mwenyewe.

Pumzika, Riziki wangu. Ningekaa nawe zaidi, lakini babako amesimama mlangoni, sahani yako nyeupe iko kwapani, anasema upepo umefika na mimi nawachelewesha watu.

Rafiki yako Furaha, Mama Asende