Mguu wa Bibi Yako Kwenye Klachi

Mjukuu wangu Deo,

Huku Sumbawanga baridi imeanza. Bibi yako anaanika ulezi, anakusalimu.

Unauliza kwa nini klachi bado laini wakati umebadilisha mafuta yake. Upepo umebaki ndani ya mpira wa mafuta. Mimi nilikwama hivyohivyo njiani na lori la mahindi ya watu, bibi yako kando yangu, boti ikisubiri bandarini Kasanga. Nikaingia uvunguni, bibi yako akakanyaga pedeli. Nafungua nati ya kutolea upepo, mafuta yanatoka na mapovu, nafunga, ndipo nasema, "Achia."

Mara spana ikaniponyoka, nati iko wazi. Angeachia, upepo ungeingia upya. Nilihangaika kuitafuta kwenye nyasi. Nilipofunga na kuinuka, mguu wake bado umekandamiza pedeli.

"Hujaniambia niachie," akasema.

Na hajawahi kuendesha gari! Sasa niambie, mwanangu, wewe nani anakukanyagia?

Babu yako