Mshiriki Hakufuata Maelekezo

Baba,

Shikamoo. Nimeandika neno hilo nikakaa, nasubiri marahaba yako kama mjinga.

Leo ni miezi miwili tangu tukuzike. Mama yuko Kigongo, anakula kidogo na anaongea sana. Kila anayekuja kutoa pole anaambiwa jambo lilelile: "Ugonjwa ulimvamia mzee ghafla. Binti yake mwenyewe alimpima kichwa kwa mashine kule mjini, akamkuta mzima." Wageni wananitazama kwa heshima. Mimi naenda jikoni kuosha vyombo ambavyo ni visafi.

Baba, sikukupima ugonjwa. Wewe ulijua, maana nilikueleza: tunatafiti jinsi watu wanavyokadiria umbali. Unavaa ile miwani mikubwa ya kompyuta, unaona gati na nguzo kama vile uko pale pale, kisha picha inazimwa na unatembea mpaka unapodhani nguzo ilipo. Mashine inaandika kila hatua. Ulikuja maabara yetu Nyamagana umevaa shati la kanisani, ukasikia neno umbali, ukasema, "Hapo mmempata mwenyewe." Na kweli. Miaka yote ile kwenye kivuko wewe ndiye uliyepanga magari kwa mkono, basi linarudi nyuma mpaka kinabaki kiganja kimoja tu, na dereva anakuamini kuliko vioo vyake.

Picha ilipozimwa ukapinda kulia, mbali na nguzo. Tukarudia, ukapinda tena, mara sita. Nikakuuliza kushoto kwa gati kuna nini, ukasema hakuna kitu. Kulikuwa na mtumbwi mwekundu, baba, mkubwa tu. Wakati wa kutoka ukagonga bega la kushoto mlangoni, nikakutania kwamba umezeeka, ungekizamisha kivuko. Ukacheka na mimi.

Kwetu maabara, mtu anayepinda hivyo tunamtoa kwenye hesabu asije akaharibu wastani. Tunaandika sentensi ileile kila mara: Mshiriki hakufuata maelekezo. Niliiandika mwenyewe, nikakununulia soda, nikakusindikiza stendi.

Wiki tano baadaye ukaanguka. Daktari akatuonyesha picha, uvimbe upande wa kulia wa ubongo, akasema uvimbe wa hapo humfanya mtu asitambue vilivyo kushoto kwake, akauliza kama kuna aliyekuona ukigongagonga vitu vya kushoto. Mama akasema hapana. Na mimi nikasema hapana. Nilidanganya wewe ukiwa umelala pale pale, na sijui kama ulisikia.

Juzi nimefungua faili lako. Hatua zako zote zipo, hata ile tabia yako ya kusimama kidogo kabla ya kuanza. Nililia mpaka mwenzangu wa kazi akaja kufunga mlango. Daktari hakusema kwamba tungekuokoa, najua. Lakini tungekuwa na wiki tano za kujua. Ningekuja nyumbani. Ningekushika mkono barabarani.

Ile sentensi tumeifuta. Sasa anayepinda anakalishwa, anaulizwa taratibu, anapewa barua ya kwenda hospitali. Wenzangu wananisifu kwa wazo hilo.

Amebaki mama. Yale maneno kwamba nilikukuta mzima ndiyo yanayomletea usingizi. Nikinyamaza, atazeeka nayo kwa amani. Nikisema, nitamnyang'anya amani hiyo, na labda nitakuwa nimemnyang'anya na mtoto pia. Nimejaribu mara mbili. Mara zote mbili aliniwahi kwa kunishukuru, ananishika mashavu, anasema bila mimi angejilaumu mpaka kufa.

Siwezi tena, baba. Akiendelea kunishukuru nitamchukia, na hana kosa lolote.

Jumamosi nakwenda kwa mama. Nakuahidi sitazunguka wala sitamtanguliza daktari. Nitamkalisha, nitamwambia: mama, nilimwona baba akipotea mbele ya macho yangu, nikamcheka.

Pumzika. Akinifukuza, nitakaa nje mpaka aniite.

Mwanao,
Kabula