Baba Alivyoshika Upanga Karurumo

Kwa Kinyozi Ndambiri,
Soko la Karurumo,
S.L.P. 27,
Runyenjes.

14 Septemba 1997

Mpendwa dada Karimi,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Huko Leeds baridi imeanza? Kifua chako kinaendeleaje? Sisi ni wazima, mvua tu ndiyo tunaingojea.

Ile mashine ya vidio gemu uliyonitumia niliiweka chumba cha nyuma, wateja wacheze wakingoja kunyolewa. Wengi walipenda kaseti ya shujaa mwenye upanga, anayefyeka mifupa inayotembea. Hata mimi naipenda. Ukibonyeza ovyo unakufa. Lazima utulie, umsome adui, ndipo ukate. Gemu nyingi za siku hizi ni kelele tu.

Lakini mama mmoja alichungulia, akaona mafuvu. Kufikia jioni soko zima lilisema Ndambiri anaabudu shetani kwa kinyozi. Unajua maneno hayo yanavyotisha watu miaka hii. Wazee wenzake wa kanisa walimwambia Baba anikanye hadharani, la sivyo aache uzee wa kanisa. Dada, Baba aliacha kunisemesha. Tukikutana njiani anaangalia migomba. Nilikonda.

Jumamosi akaingia dukani mwenyewe, kofia mkononi.

“Washa,” akasema.

Nikawasha. Akatazama, kisha akauliza, “Hawa wanaokatwa wamekosa nini?”

Nikamsogezea kiti. Akanyoosha mkono nimpe padi ya kuchezea. Kwenye daraja la kwanza akaanguka mtoni.

“Nimekufa?”

“Umekufa, Baba.”

“Mbona nimesimama tena?”

“Umebakiwa na maisha mengine.”

Alicheka mpaka akavua miwani! Nami nikacheka, huku machozi yananitoka, kwa sababu alikuwa ameniita “kijana wangu” akiniomba nimwonyeshe pa kuruka.

Kaseti ya pili, ile ya ngumi, haikumchekesha. Alipoona mtu ameanguka na bado anapigwa, damu ikiruka, na mashine inashangilia, aliweka padi chini. “Hii toa. Hakuna shetani hapa, lakini hakuna utu pia.” Nilipofikiri niliona ana haki. Ile ya upanga inakufundisha kujilinda. Hii inakufundisha kufurahia mtu akiumia. Nimeitoa.

Jumapili nilidhani nitasimamishwa mbele ya kanisa. Baba ndiye aliyesimama. “Nimeicheza mwenyewe,” akawaambia. “Nimekufa mara nyingi, na shetani sikumwona. Kilichokuwa kibaya kijana wangu amekiondoa. Mwenye shaka aje acheze.” Kanisa likaangua kicheko, na mchungaji akageukia matangazo ya harambee. Usiku huo nililala kama mtoto mchanga.

Sasa Baba akitoka shambani hupitia hapa kucheza. Ameniagiza nikuulize: kati ya gemu zote za huko, hakuna hata moja ambayo mtu anajenga kitu? Anasema amechoka kubomoa.

Mama anakusalimu sana, na shangazi Njura na mwanawe Mbaka pia. Mungu akufunike huko ugenini, na akurudishe kwetu ukiwa mzima.

Mdogo wako akupendaye,
Ndambiri